Safari ya Nakivale: siku 90 za viza ya Uganda na gharama ya kuvuka mpaka ili kuongeza muda

Wengi wanaorudi Uganda kuwaona ndugu zao katika makazi ya Nakivale huambiwa kwamba muda wa viza ukikaribia kwisha, dawa ni kuvuka mpaka asubuhi na kurudi jioni. Njia hiyo ipo. Hata hivyo, mara nyingi haina unafuu unaosemwa, na kwa baadhi ya wasafiri inaweza kugharimu kitu kisicholipika kwa dola.

Masha ni kituo kidogo cha biashara katika wilaya ya Isingiro, kusini-magharibi mwa Uganda. Msafiri anayetoka mjini Mbarara kuelekea makazi ya wakimbizi ya Nakivale anaweza kupitia hapo, na kwa familia nyingi zinazoishi Australia jina hilo ni kumbukumbu ya safari ya kwenda sokoni, hospitalini au kwenye mahojiano ya kuhamishiwa nchi ya tatu. Nakivale ilianza kupokea wakimbizi kutoka Rwanda mwishoni mwa miaka ya 1950, na ni miongoni mwa makazi ya kale zaidi ya wakimbizi barani Afrika. Leo inahifadhi zaidi ya watu 100,000. Wakongo ndio wengi, wakiishi pamoja na Warundi, Wasomali, Wanyarwanda na wengine.

Aliyeondoka Nakivale akiwa mkimbizi hurudi akiwa mgeni. Mama yake bado anaishi kwenye kiwanja kilekile, lakini yeye sasa anaingia Uganda kwa viza yenye tarehe ya mwisho. Harusi ikiahirishwa au mzazi akiugua, tarehe hiyo hugeuka kuwa tatizo la familia nzima.

Viza ipi, siku ngapi

Mwenye pasipoti ya Australia huomba viza ya Uganda kwa njia ya mtandao, kupitia tovuti ya serikali ya Uganda, kabla ya kusafiri. Viza ya kawaida ya mgeni, inayomruhusu kuingia mara moja, hugharimu dola 50 za Marekani na inaweza kumpa hadi siku 90. Cheti cha chanjo ya homa ya manjano huhitajika pia.

Neno "hadi" lina uzito wake. Idadi ya siku huamuliwa na afisa wa uhamiaji anayegonga muhuri, iwe ni uwanja wa ndege wa Entebbe au mpakani. Anaweza kuandika siku 90, na anaweza kuandika pungufu. Msafiri anayejua kwamba atakaa miezi mitatu hana budi kulisema hilo wazi, kuonyesha tiketi yake ya kurudi, na kuusoma muhuri kabla ya kuondoka dirishani. Kosa la dakika moja hapo huja kurekebishwa kwa safari ya siku nzima.

Ipo pia viza ya pamoja ya utalii ya Afrika Mashariki, inayotambuliwa na Uganda, Kenya na Rwanda. Bei yake ni dola 100, hudumu siku 90, na huruhusu kuingia na kutoka mara nyingi ndani ya nchi hizo tatu. Inamfaa mwenye ndugu Nakivale na Kigali, au anayeshukia Nairobi na kuendelea kwa basi, mradi aanze safari yake kwa kuingia katika nchi iliyoitoa viza hiyo. Lakini siku zake hazianzi upya kila anapovuka mpaka. Aidha, Tanzania haimo katika mpango huo. Anayetoka Uganda kwenda Tanzania ametoka nje ya eneo la viza hiyo, na hapaswi kutarajia kurudi kwa kuitumia tena.

Raia wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki wana utaratibu mwingine. Chini ya Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyoanza kutumika Julai 2010, raia wa nchi mwanachama anayetembelea nchi nyingine mwanachama hupewa kibali cha hadi miezi sita bila ada. Kwa hiyo Mkenya au Mtanzania mwenye ukaazi wa kudumu Australia, ambaye bado anatumia pasipoti ya nchi yake, huenda asiwe na tatizo la siku 90 hata kidogo.

Mipaka mitatu, hesabu tatu

Kwa aliyeko Masha au Mbarara, mpaka wa karibu zaidi kwa barabara ni Kikagati. Upande wa pili wa mto Kagera upo Murongo, mkoa wa Kagera nchini Tanzania. Barabara ya lami kutoka Mbarara hadi Kikagati ina urefu wa takriban kilomita 74. Mwenye pasipoti ya Australia, hata hivyo, huhitaji viza ya Tanzania, ambayo kwa kawaida ni dola 50. Akirudi Uganda, huhitaji viza mpya ya dola 50 nyingine.

Mpaka wa pili ni Mirama Hills, unaopakana na Kagitumba nchini Rwanda. Njia hupitia Ntungamo, na safari nzima kutoka Mbarara ni kama kilomita 100. Ni mbali zaidi kuliko Kikagati, lakini Rwanda imeondoa ada ya viza ya siku 30 kwa raia wa nchi za Jumuiya ya Madola, na Australia ni mojawapo. Hapo msafiri hulipia tu viza ya kurudi Uganda.

Chukua mfano wa familia ya watu wanne wenye pasipoti za Australia. Kupitia Murongo, viza peke yake ni dola 400: dola 200 za kuingia Tanzania na dola 200 za kurudi Uganda. Kupitia Kagitumba ni dola 200. Hapo nauli ya basi, bodaboda, chakula na kitanda cha usiku mmoja bado havijahesabiwa. Njia fupi ndiyo ghali.

Mpaka wa tatu hutajwa sana na wenye asili ya Kongo: Bunagana, katika wilaya ya Kisoro. Upande wake wa Kongo ulitekwa na waasi wa M23 mnamo Juni 2022. Mpaka wa namna hiyo haumfai mtu anayetafuta muhuri tu.

Mipaka pia hufungwa. Katuna, njia kuu ya kutoka Kabale kwenda Kigali, ilifungwa na Rwanda mnamo Februari 2019 na haikufunguliwa tena hadi Januari 31, 2022. Mwezi Machi 2020, Uganda ilifunga mipaka yake yote kwa abiria kwa sababu ya UVIKO-19. Anayepanga kuvuka siku ya mwisho ya viza yake anaweka matumaini yake yote kwenye lango asilolimiliki.

Tena, hakuna sheria inayomlazimu afisa kumpokea mgeni aliyetoka jana na kurudi leo. Anaweza kuuliza sababu, kupunguza siku, au kukataa. Ndiyo maana viza mpya ya Uganda yapasa kuombwa mtandaoni na kukubaliwa kabla msafiri hajaondoka Mbarara, si akiwa amesimama kati ya mipaka miwili na watoto mkononi.

Kuomba nyongeza bila kutoka

Njia isiyotajwa sana ndiyo iliyo rahisi kwa wengi: kuomba nyongeza ya muda ndani ya Uganda, kwa Kurugenzi ya Uraia na Udhibiti wa Uhamiaji, kabla muhuri haujaisha. Maombi huhitaji pasipoti, maelezo ya sababu, na vielelezo kama vile barua ya daktari, mwaliko wa harusi au tiketi iliyobadilishwa tarehe. Mbarara kuna ofisi ya uhamiaji ya kanda ambako msafiri anaweza kuulizia utaratibu kabla ya kufunga safari ya Kampala.

Kubaki baada ya muda kwisha bila ombi lolote ni kosa kisheria. Faini huongezeka, na kumbukumbu ya kosa hilo inaweza kuathiri maombi ya viza ya siku zijazo. Ombi lililopelekwa wiki mbili mapema ni bora kuliko maelezo marefu yanayotolewa Entebbe usiku wa kuondoka.

Anayekwenda kulala ndani ya makazi ya Nakivale akumbuke pia kwamba makazi hayo yako chini ya Ofisi ya Waziri Mkuu wa Uganda. Viza ya kuingia nchini haichukui nafasi ya idhini ya uongozi wa makazi. Wengine huona ni vyema kulala Mbarara au Isingiro na kwenda Nakivale mchana.

Wasiopaswa kuvuka kwa pupa

Kwa mwenye pasipoti ya Australia, kuvuka mpaka ni suala la fedha na muda. Kwa wengine ni suala la ulinzi.

Kundi la kwanza ni wale wanaosafiri kwa hati ya kusafiria ya mkimbizi iliyotolewa na Australia kwa sababu bado hawajapata uraia. Msamaha wa ada wa Rwanda ni wa raia wa nchi za Jumuiya ya Madola. Mwenye hati hiyo asidhani unamhusu. Aulize ubalozi wa kila nchi anayotaka kuingia, hata kama ni kwa saa mbili.

Kundi la pili ni wenye viza ya ulinzi iliyowekewa sharti namba 8559. Sharti hilo linawakataza kuingia katika nchi waliyoikimbia bila kibali cha maandishi cha serikali ya Australia. Kwa Mnyarwanda aliye katika hali hiyo, Kagitumba si mpaka wa bei nafuu. Ni nchi ileile aliyoeleza mbele ya maafisa kwamba hawezi kuishi humo kwa usalama.

Kundi la tatu ni ndugu wanaobaki Nakivale. Ni desturi mgeni kumwambia dada au binamu, "Twende wote, unisindikize." Mkimbizi aliyesajiliwa Uganda ana haki ya kuomba hati ya kusafiria kwa mujibu wa Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006, na akiwa nayo anaweza kutoka na kurudi kihalali. Bila hati hiyo, matembezi ya mchana mmoja yanaweza kumwacha upande usio wake. Na Mkataba wa Wakimbizi wa mwaka 1951 unaeleza kwamba hadhi ya ukimbizi inaweza kukoma mtu anapojirudisha kwa hiari chini ya ulinzi wa nchi yake, mathalani kwa kuchukua pasipoti yake. Mwenye faili la kuhamishiwa nchi ya tatu ana mengi ya kupoteza kwa muhuri mmoja.

Siku 90 nyingine, za Australia

Kuna hesabu ya mwisho ambayo wengi huikumbuka wakiwa wamesharudi. Mkaazi wa kudumu anayetaka uraia wa Australia kwa kawaida huhitaji kuwa ameishi nchini kihalali kwa miaka minne. Ndani ya miaka hiyo asiwe nje kwa zaidi ya miezi 12 kwa jumla, na katika miezi 12 ya mwisho kabla ya kuomba asiwe nje kwa zaidi ya siku 90.

Kwa bahati tu, kikomo hicho kinalingana na cha viza ya Uganda. Anayeongeza mwezi mmoja Mbarara anaweza kuwa ameongeza miezi kadhaa ya kusubiri uraia, na uraia ndio utakaompa pasipoti itakayofanya safari ijayo iwe nyepesi.

Ruhusa ya kusafiri iliyomo katika viza ya ukaazi wa kudumu nayo kwa kawaida hudumu miaka mitano tangu viza ilipotolewa. Ikiisha msafiri akiwa nje, hataweza kurudi hadi apate viza ya kurejea ya mkaazi. Malipo kadhaa ya Centrelink pia husimamishwa au hupunguzwa mpokeaji akikaa nje kwa muda mrefu, kwa hiyo yafaa kutoa taarifa kabla ya kuondoka.

Kwa hiyo mpango wa bei nafuu huanzia nyumbani, kabla tiketi haijanunuliwa. Familia hujiuliza kwanza itakaa siku ngapi, ikiweka akiba kwa ajili ya ugonjwa au msiba. Kisha huangalia tarehe tatu: ya viza ya Uganda, ya ruhusa ya kurudi Australia, na ya kuomba uraia. Tiketi inayoruhusu kubadilisha tarehe huenda ikagharimu zaidi siku ya kwanza, lakini humruhusu msafiri kuondoka kwa wakati jambo likibadilika. Ada na masharti ya viza hubadilika pia, hivyo yathibitishwe kwenye tovuti rasmi za serikali husika katika wiki ya kuomba. Mwenye shaka juu ya viza yake ya Australia amwone wakala wa uhamiaji aliyesajiliwa au kituo cha msaada wa sheria kabla ya kufika kwenye mpaka wowote.