Makonyo na mchele: njia rahisi ya kufundisha uteuzi asilia Pemba

Mtaani utasikia watu wakisema, “mbu wamezoea dawa.” Lakini mbu mmoja hazoei dawa. Kinachobadilika ni vizazi vyao, na mwalimu anaweza kulionyesha hilo darasani kwa vitu vya bei rahisi kisiwani Pemba: makonyo ya karafuu na mchele.

Uteuzi asilia ni nini?

Charles Darwin aliueleza katika kitabu chake cha mwaka 1859. Viumbe wa aina moja hutofautiana. Wale ambao sifa zao zinaendana na mazingira hubaki hai zaidi, huzaa na kurithisha sifa hizo.

Zoezi lenyewe

1. Kata vipande 20 vya makonyo makavu, vilingane na punje za mchele. Vikiwa vikubwa, jicho litafuata ukubwa badala ya rangi.
2. Changanya na punje 20 za mchele, kisha tawanya kwenye udongo wa kahawia.
3. Wanafunzi ni kunguru. Wadokoe kimoja kimoja, haraka haraka, hadi viliwe 20.
4. Hesabu vilivyobaki. Kila kimoja “kinazaa” kimoja cha aina yake. Rudia.

Mfano: zikiliwa punje 15 za mchele na makonyo 5, hubaki mchele 5 na makonyo 15. Vikizaa, inakuwa 10 kwa 30. Hakuna punje iliyobadili rangi, ila hesabu imegeuka.

Sasa tandika shuka jeupe urudie. Mambo yanapinduka: makonyo ndiyo yanayoonekana na kuliwa.

Inahusu nini maisha ya Pemba?

Mwaka 2006 Zanzibar ilianza kampeni ya kupulizia majumbani dawa ya jamii ya pairethroidi dhidi ya malaria. Jamii hiyo hiyo hutumika kwenye vyandarua. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013 ulionyesha kuwa mbu waenezao malaria Pemba walikuwa sugu kwa dawa hizo, na upuliziaji ukahamia dawa ya kundi jingine.

Kumbe dawa ilifanya kazi ya kunguru. Iliwaua wasio na kinga. Wachache waliorithi kinga wakabaki, wakazaa. Ndiyo maana wataalamu hushauri dawa zibadilishwe kwa zamu.

Chandarua bado kinafaa: hata mbu sugu hapenyi wavu usiotoboka.