Twiga wa Malindi, Tembo wa Tsavo

Mwaka 1415 ujumbe kutoka Malindi ulimpelekea twiga Mfalme Yongle wa China. Mwaka mmoja kabla yake twiga mwingine alikuwa amefikishwa huko kutoka Bengal, na wasomi wa kasri walikuwa wamekwisha kumtungia sifa. Walimwona kuwa ndiye qilin, mnyama wa visasili vyao anayejitokeza nchi inapotawaliwa kwa haki. Wanaoandika historia ya pwani yetu hukipenda kisa hiki, nami nakipenda, kwa sababu kinauonyesha mji wa Waswahili ukishughulika na dola kubwa ya Asia zaidi ya miaka 80 kabla Vasco da Gama hajatia nanga hapo.

Siku zote tumekisimulia kwa upande wa wafalme na majahazi. Upande wa mnyama tumeupita. Twiga mzima hufikia mita tano. Mnyama wa kimo hicho hapakizwi chomboni, kwa hiyo hutafutwa angali ndama na hutenganishwa na mama yake. Nataka kuifuata siku hiyo ya kukamatwa kwa karne sita. Naamini kwamba hatari na dhuluma zote zinazofuata huanzia hapo, na kwamba upana wa uzio na wema wa mtunzaji, hata ukiwa mwingi kiasi gani, haujawahi kuzifuta.

Watawala wa Ulaya nao walitaka twiga. Mwaka 1487 Sultani Qaitbay wa Misri alimtumia Lorenzo de' Medici twiga mmoja. Haukupita muda mrefu akavunjika shingo kwenye mihimili ya banda alimowekwa. Mwaka 1826 Muhammad Ali wa Misri alimpelekea Mfalme Charles wa 10 wa Ufaransa twiga jike aliyekamatwa Sudan. Huyu aliteremshwa Marseille, akatembezwa kwa miguu hadi Paris, akaishi huko hadi 1845. Hao walikuwa zawadi za wakubwa, mmojammoja. Hali iligeuka katika karne ya 19, miji mikubwa ilipoanza kujenga bustani za wanyama na kutoza viingilio. Hapo mnyama akawa bidhaa, na bidhaa ikahitaji wagavi.

Tembo aliyekuja kujulikana dunia nzima kwa jina la Jumbo alikamatwa mwanzoni mwa miaka ya 1860, mpakani mwa Sudan na Ethiopia. Wawindaji wa Kihamran wa eneo lile walikuwa hodari wa kumkata tembo mshipa wa kisigino kwa upanga. Mama akianguka, ndama hubaki hana pa kwenda, akashikwa. Hiyo ndiyo iliyokuwa njia ya kawaida ya kazi ile. Carl Hagenbeck wa Hamburg, aliyekuwa mfanyabiashara mkubwa kuliko wote wa wanyama hai, hakuficha katika kumbukumbu zake za mwaka 1908 kwamba wakubwa waliuawa ili wadogo wapatikane. Jike la tembo hubeba mimba miezi 22 na kunyonyesha kwa miaka kadhaa. Hamwachi mtoto wake kwa mtu anayemfuata na kamba.

Jumbo alifika London mwaka 1865 baada ya kupitia Paris. Mchana alibeba watoto mgongoni, wakampenda. Usiku, bandani, alizigonga kuta mpaka akazivunja pembe zake mwenyewe. Kwa muda mrefu watu walidhani ni ukorofi wa dume anayekua. Mifupa yake iliyohifadhiwa New York ilipochunguzwa upya, ilionekana kwamba meno yake ya kusagia yalikuwa yameota vibaya. Katika maisha yake tembo hupata seti sita za magego. Jipya hutokea nyuma na kulisukuma lile la mbele, ambalo linapaswa kuwa limeshalika kwa magome, matawi na majani yenye mchanga. Jumbo alilishwa nyasi laini zilizokaushwa. Meno hayakulika, yakabanana kinywani, na maumivu aliyokuwa nayo yalikuwa makali. Wale waliomzunguka walimjali, hasa mtunzaji wake Matthew Scott. Walichokosa ni elimu ya mwili wa kiumbe waliyemfungia ndani.

Kisha kuna umri. Dume la tembo likipita miaka 20 huanza kupatwa na vipindi ambavyo homoni za uzazi hupanda mno, majimaji hutiririka kati ya jicho na sikio, na hasira hailingani na kitu. Porini vipindi hivyo humfanya atembee mbali akitafuta majike, na madume wakubwa zaidi humtuliza. Bandani hana pa kutembea wala mkubwa wa kumtii. Abraham Bartlett, msimamizi wa bustani ya London, aliingiwa na hofu kwamba Jumbo angeua mtu mbele ya umati. Mwaka 1882 alimuuza kwa P. T. Barnum wa Marekani kwa pauni 2,000. Watoto wa shule walimwandikia Malkia Victoria barua kwa maelfu wakimsihi azuie, isifae kitu. Septemba 1885 Jumbo aligongwa na treni katika mji wa St. Thomas, Kanada, akafa akiwa na miaka kama 24, umri ambao porini dume ndiyo kwanza linaanza utu uzima.

Mtu anaweza kusema hayo yalikuwa ya zamani, kabla sayansi haijakomaa. Basi tumtazame Pole Pole.

Mwishoni mwa miaka ya 1960 ndama jike wa tembo alikamatwa Kenya awe zawadi ya serikali kwa bustani ileile ya London. Kabla ya kusafirishwa alitumiwa katika filamu iliyopigwa Tsavo, ambamo Virginia McKenna na Bill Travers waliigiza pamoja na mhifadhi wa wanyama George Adamson. Filamu ilipokwisha, waigizaji hao waliomba wamnunue ili abaki Tsavo mikononi mwa David Sheldrick, msimamizi wa hifadhi hiyo. Wakajibiwa kwamba inawezekana, ila itabidi ndama mwingine akamatwe aende London badala yake. Walikataa, kwa kuwa wasingeweza kumwokoa mmoja kwa kumwangamiza mwenzake, na Pole Pole akaenda.

Naukumbuka mfano huu kila ninaposikia hoja kwamba tatizo ni vizimba vibaya tu. Mabanda ya tembo ya London yalikuwa mapya, yamejengwa miaka ya 1960 na msanifu mashuhuri, na watunzaji walikuwa na mafunzo. Mwaka 1982 McKenna na Travers walikwenda kumtazama. Alikuwa amebaki peke yake. Walipomwita jina, alikuja ukingoni akaunyoosha mkonga kuwafikia mikono. Mwaka uliofuata iliamuliwa ahamishiwe bustani ya Whipsnade akaishi na tembo wengine. Alisimamishwa ndani ya kasha la kusafirishia kwa saa nyingi, akaanguka na kuumia mguu, na siku chache baadaye, baada ya kupewa dawa ya usingizi ili achunguzwe, maisha yake yakaishia hapo. Hakuwa amefika hata miaka 20. Kutokana na kifo chake McKenna na Travers walianzisha mwaka 1984 kampeni ambayo leo ni Born Free Foundation. Mwaka 2001 mtunzaji mmoja aliuawa na tembo katika bustani ileile ya London, na mwaka huohuo tembo wote waliobaki wakaondolewa katikati ya London baada ya takriban miaka 170.

Wanaojiona mbali na biashara hii huwa wanatajwa kwa mapenzi yao, nao wana historia yao. Februari 1956, kaskazini mwa Kenya, George Adamson alimpiga risasi simba jike aliyemrukia, ndipo akagundua alikuwa akilinda watoto watatu. Wawili walipelekwa bustani ya Rotterdam. Wa tatu, Elsa, alilelewa na George na mkewe Joy, akafunzwa kuwinda, akarudi porini, akazaa na simba wa porini, akafa mwaka 1961 kwa ugonjwa wa kupe. Watu wengi duniani walianza kufikiri upya juu ya simba kwa sababu ya Elsa, na ninaheshimu hilo.

Filamu ya maisha ya Elsa, iliyotoka mwaka 1966, ilitumia simba wengi waliozoeshwa watu. Baadaye wengi wao waliishia katika bustani za wanyama. Wachache George aliwachukua Meru ili awarudishe porini, mmoja wao dume aliyeitwa Boy. Mwaka 1969 Boy alimjeruhi mtoto wa msimamizi wa hifadhi ya Meru. Mwaka 1971, huko Kora, alimuua mfanyakazi wa kambi aliyeitwa Stanley, na George akalazimika kumpiga risasi simba aliyempenda. Simba wa porini humkwepa mtu kwa sababu amejifunza kumwogopa. Aliyelishwa kwa mkono amepoteza woga huo bila kupoteza kucha. Anapoachiwa, hatari inahamia kwa mpishi, mchota maji, mchunga ng'ombe, watu ambao hawakuulizwa lolote. Dunia inalijua jina la Elsa. La Stanley wanalijua wachache, na hilo linaniuma.

Daphne Sheldrick, mke wa David, aliyelea ndama yatima, alijifunza kwa njia nyingine chungu. Mwaka 1974 ndama yatima aitwaye Aisha, aliyekuwa amemzoea yeye tu, alidhoofika na kufa Daphne alipoondoka kwa siku chache. Tangu hapo ndama wa kituo cha Sheldrick cha Nairobi hulelewa na walezi wanaopokezana, ili wazoee kundi badala ya mtu mmoja, na wakikua hupelekwa Tsavo ambako huingia taratibu katika makundi ya porini kwa hiari yao, kwa miaka. Hawa ni yatima tayari kabla hawajafika kwenye malezi. Tofauti yao na Pole Pole ni kubwa, maana hakuna aliyewafanya yatima ili wafugwe.

Kurudi kunawezekana, ila kuna gharama. Kati ya 1966 na 1969 Bernhard Grzimek wa bustani ya Frankfurt aliwaachia sokwe 17 katika kisiwa cha Rubondo, Ziwa Victoria. Walikuwa wa asili ya Afrika Magharibi, na baadhi yao walikuwa wamekaa miaka mingi katika bustani na sarakasi za Ulaya. Ndani ya muda mfupi walijifunza kula matunda ya msitu na kujenga viota, wakazaliana, na wajukuu wao wapo hadi leo. Madume wawili ilibidi wapigwe risasi kwa kuwa walishambulia watu.

Hoja nzito kuliko zote za kutetea bustani za wanyama iko katika hifadhi ya Ol Pejeta, Kenya, na siwezi kuikwepa. Kifaru mweupe wa kaskazini aliyeitwa Sudan alikamatwa Shambe, kusini mwa Sudan, mwaka 1975, akapelekwa Dvůr Králové, iliyokuwa Chekoslovakia. Wenzake waliobaki porini waliisha kwa ujangili na vita; wa mwisho walikuwa Garamba, Kongo. Desemba 2009 Sudan na wenzake watatu waliletwa Kenya. Alikufa Machi 2018. Wamebaki majike wawili, Najin na bintiye Fatu, wote wamezaliwa kifungoni. Bila kifungo kile, aina hiyo ingekuwa imekwisha kabisa. Nakubali. Lakini Fatu, aliyezaliwa mwaka 2000, ndiye ndama wao wa mwisho. Kwa miongo mitatu na zaidi wanyama hao waligoma kuzaliana vya kutosha mbali na nchi yao. Leo tegemeo ni mayai ya Fatu, mbegu zilizogandishwa, na maabara ya Italia. Bustani iliokoa mbegu. Kundi lililoishi na kuhama na kujua mahali pa maji lilihitaji kulindwa Garamba, na huko ndiko fedha na askari vilikochelewa.

Ndiyo maana tukio la Novemba 2010 liliwaudhi Watanzania kiasi kile. Ndege ya kijeshi ya Qatar ilitua Uwanja wa Kimataifa wa Kilimanjaro, ikapakia zaidi ya wanyama 100 walio hai, wakiwemo twiga wanne, ikaondoka. Bunge liliwaka. Desemba 2014 mahakama ya Moshi ilimhukumu mshtakiwa mkuu, raia wa Pakistan, kifungo cha miaka 60, naye hakuwepo mahakamani. Mwaka 2016 serikali ilipiga marufuku kusafirisha wanyamapori hai nje ya nchi. Mwaka 2019, Geneva, nchi wanachama wa CITES, mkataba wa biashara ya viumbe walio hatarini, zilikubaliana kuzuia karibu kabisa tembo wa Afrika waliokamatwa porini wasipelekwe kwenye bustani za mbali, baada ya Zimbabwe kupeleka China ndama wengi.

Zuio la Tanzania lilikuwa tamko la waziri. Juni 2022 mamlaka ya wanyamapori ilitangaza kuwaruhusu wafanyabiashara kuwasafirisha wanyama waliobaki mazizini mwao, wakapewa miezi sita. Wananchi walipolalamika, waziri akalisimamisha tangazo hilo. Jambo linaloweza kufunguliwa kwa tangazo moja na kufungwa kwa lingine halijalindwa. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 bado inatambua vibali vya kukamata wanyama hai. Naona Bunge liifanyie marekebisho: kwa tembo, twiga, kifaru na simba, kibali cha kukamata kitolewe kwa kuhamisha wanyama kutoka hifadhi moja hadi nyingine ndani ya eneo lao la asili, au kwa kumtibu aliyejeruhiwa, na kisitolewe kwa zawadi wala kwa kuuza.