Karanga, Mawese na Pikipiki ya Dizeli

Mimi ni fundi wa pampu na nozeli za dizeli hapa Tanga. Vijana hunionyesha kwenye simu pikipiki inayotembea kwa mafuta ya kupikia, wakidhani ni ubunifu wa juzi. Huwaambia wakae kwanza. Habari hii ina zaidi ya miaka 120, na Afrika imo ndani yake tangu mwanzo.

Mwaka 1900, kwenye Maonyesho ya Dunia ya Paris, kampuni ya Otto iliwasha injini ndogo ya dizeli kwa mafuta ya karanga. Serikali ya Ufaransa ndiyo iliyoomba. Katika makoloni yake ya Afrika karanga zilistawi, ikataka kujua kama mitambo ya huko ingeendeshwa kwa zao la palepale. Rudolf Diesel, mvumbuzi wa injini hiyo, alisimulia mwaka 1912 kwamba injini haikubadilishwa chochote, na ilikwenda vizuri hata watazamaji wengi hawakujua inachoma nini.

Ubaya wa mafuta hayo huonekana ukifungua injini iliyoyatumia muda mrefu. Ni mazito. Dizeli hutoka kwenye nozeli kama ukungu, lakini haya hutoka kwa michirizi, hayaungui yote, na masizi hujenga ukoko mweusi, mgumu, kwenye ncha. Ringi nazo hukwama. Dawa ni kuyapasha moto kabla hayajafika kwenye pampu, au kuyachanganya na alkoholi pamoja na kichocheo kama kostiki soda: gliserini inazama, juu inabaki biodizeli nyepesi.

Mbelgiji G. Chavanne, wa Chuo Kikuu cha Brussels, alipata hataza ya kugeuza mafuta ya mimea kwa alkoholi mwaka 1937, na mwaka 1938 basi la abiria kati ya Brussels na Louvain lilitembea kwa mafuta ya mawese yaliyogeuzwa hivyo. Mawese yenyewe yalitoka Kongo. Miaka michache kabla, mwaka 1931, Wapende wa Kwilu, huko huko Kongo, walikuwa wameasi, kodi ikidaiwa bila huruma huku bei waliyolipwa kwa ngazi za mawese ikiporomoka. Nikisoma sifa za basi lile, huwakumbuka hao wakwezi. Sioni haki historia hii kusimuliwa bila wao.

Pikipiki za dizeli zilichelewa, maana dizeli hushindilia hewa kwa nguvu nyingi na hutaka chuma kinene. Iliyofaulu kuuzwa kwa wingi ni Taurus ya kampuni ya Enfield, iliyoundwa Madras, India, miaka ya 1980 na 1990. Waliichukua fremu ya pikipiki yao ya Bullet wakaifunga injini ya Greaves-Lombardini ya cc 325, ya silinda moja, inayopozwa kwa hewa. Nguvu yake ni farasi 6.5 tu, na mwendo wake wa mwisho kama kilomita 65 kwa saa. Lakini lita moja iliifikisha kilomita 70 na zaidi, na wauza maziwa na wakulima hawakutaka kingine. Kuiwasha kuna utaratibu: unavuta kishikio cha kupunguza kompresheni, unapiga kiki hadi gurudumu zito la injini lishike kasi, ndipo unakiachia. Kanuni za moshi zilipokazwa ikaondolewa sokoni.

Injini za aina hiyo, za mashine za kusaga na pampu za maji, nimezifungua nyingi. Hazina kompyuta, hazichagui sana chakula. Wenye Taurus zilizobaki wanaozilisha biodizeli wanafanya jambo la maana, na ningefurahi kuiona moja ikipita barabara hii.

Ukiipata, anza na mipira ya mafuta, kwa kuwa biodizeli hulainisha mpira wa zamani mpaka unavuja. Weka chujio la akiba, maana uchafu wote wa tangi utang'oka wiki za mwanzo. Na kama utatumia mafuta ya kupikia yasiyogeuzwa, washa kwa dizeli ya kawaida, na rudi kwenye dizeli dakika chache kabla ya kuzima.