Muhogo wa Amani na Sifa Ijifichayo

Somo letu la leo ni jinsi mimea inavyorithi sifa za wazazi wake, na jinsi elimu hiyo ilivyousaidia muhogo, ambao ndio udaga wetu na ugali wetu.

Tuanze mbali kidogo. Kati ya mwaka 1856 na 1863, mtawa Gregor Mendel alipanda njegere katika bustani ya watawa mjini Brno, ulio katika nchi ya Cheki ya leo. Alizalisha njegere za mbegu za manjano pamoja na zile za mbegu za kijani. Watoto wote wakawa wa manjano. Je, rangi ya kijani ilikufa? La. Watoto hao walipojizalisha wenyewe, Mendel alihesabu mbegu 6,022 za manjano na 2,001 za kijani, yaani tatu kwa moja.

Sababu ni hii. Kwa sifa kama hiyo, mmea hupata chembe mbili za urithi, moja kwa baba na moja kwa mama. Chembe ya manjano hutawala: ikiwapo hata moja, mbegu huwa ya manjano. Chembe ya kijani hujificha, haionekani mpaka zikutane mbili. Ndiyo maana mjukuu aweza kutoa sura ya babu ambayo baba yake hakuionyesha.

Sasa turudi kwetu. Batobato ni ugonjwa wa virusi, nao huenezwa na inzi weupe na kwa kupanda vipando vyenye ugonjwa. Majani huwa na mabaka na kukunjamana, na mavuno hupungua. Katika miaka ya 1930, H. H. Storey na R. F. W. Nichols, wa kituo cha utafiti cha Amani katika milima ya Usambara, walitafuta muhogo wa kuustahimili. Waliuzalisha muhogo na ndugu yake, mti wa mpira wa Ceara, ambao huhimili ugonjwa lakini hauna mizizi ya kufaa chakula. Watoto walikuwa na mizizi duni. Ikabidi wazalishwe tena na muhogo, kizazi baada ya kizazi, hata mizizi mizuri irudi.

Hapo palikuwa na hatari. Ustahimilivu wa mti ule hutokana na chembe nyingi, nazo ni za kujificha. Kila mahuluti walipozalishwa na muhogo, chembe hizo zilipungua na kufunikwa. Asiye na subira angesema zimepotea. Lakini D. L. Jennings, aliyeendeleza kazi ya Nichols, aliwazalisha mahuluti wao kwa wao. Chembe zilizojificha pande mbili zikakutana, ikapatikana mihogo iliyostahimili zaidi.

Kazi hiyo ya Amani ilikoma mwaka 1957, lakini mbegu zake zilikuwa zimepelekwa Nigeria. Huko ikachaguliwa aina ya 58308, ambayo katika miaka ya 1970 ilitumiwa kuwa mzazi na taasisi ya IITA ya Ibadan. Tangu mwisho wa miaka ya 1980, batobato kali iliipiga Uganda. Wengi wakaacha muhogo, na njaa ikaingia. Aina mojawapo waliyopewa wakulima huko ilikuwa TMS 30572, iitwayo Migyera, ya uzao uleule. Mwisho wa miaka ya 1990 ugonjwa ulivuka mpaka ukafika Kagera.

Baadaye wataalamu walitambua, katika mihogo ya wenyeji wa Nigeria, chembe nyingine ya ustahimilivu ambayo hutawala. Hiyo mtoto akiipata kwa mzazi mmoja tu, yatosha.

Kwa mkulima, jambo la kukumbuka ni hili. Kipando hubeba chembe zilezile za mama yake, pamoja na ugonjwa wake kama anao. Basi kata vipando kwenye shina safi la aina stahimilivu. Muhogo ulioota kwa mbegu ya tunda umechanganya wazazi wawili, hivyo usiutegemee kuwa kama mama yake.

Swali la vikundi: kwa nini mihogo miwili isiyoonyesha sifa fulani yaweza kuzaa mtoto mwenye sifa hiyo? Jadilianeni. Kwaherini.