Viza ya Asili ya Uingereza: Namna ya Kuunganisha Nyaraka za Vizazi Vitatu

Raia wa nchi ya Jumuiya ya Madola, Tanzania ikiwemo, mwenye umri wa kuanzia miaka 17, anaweza kuomba viza ya asili ya Uingereza endapo babu au bibi yake mmoja alizaliwa nchini humo. Viza hiyo hudumu kwa miaka 5 na hutolewa kwa mtu mwenye uwezo na nia ya kufanya kazi.

Mkoani Njombe, walikoishi wakulima wa Kiingereza na watumishi wa Kampuni ya Tanganyika Wattle iliyoanzishwa mwaka 1949, ugumu wa maombi hayo huwa katika nyaraka. Mwombaji huwasilisha cheti chake cha kuzaliwa, cha mzazi wake na cha babu au bibi. Kumbukumbu za vizazi za England na Wales zipo tangu mwaka 1837, hivyo nakala ya cheti cha babu huweza kuagizwa hata kama familia haina cheti halisi.

Babu na bibi kutofunga ndoa si kikwazo, ila undugu wa damu lazima uthibitishwe. Aliyeasiliwa kisheria hukubaliwa. Undugu wa kambo haukubaliki.

Asiye na cheti cha kuzaliwa, akiwemo mkazi wa Makambako iliyomo Wilaya ya Njombe, huomba usajili wa RITA kupitia Ofisi ya Mkuu wa Wilaya, akiwa na ushahidi kama cheti cha ubatizo au cha shule. Nyaraka za Kiswahili huambatanishwa na tafsiri ya Kiingereza iliyothibitishwa.

Majina yakitofautiana, cheti cha ndoa au hati ya kubadili jina hueleza sababu. Cheti cha zamani kinachotaja Mkoa wa Iringa hakina kosa, kwa kuwa Mkoa wa Njombe ulianzishwa mwaka 2012. Mwombaji asikifute wala kukiongezea neno: udanganyifu wa nyaraka huweza kumfungia milango ya Uingereza kwa miaka 10.

Viza hiyo haiondoi uraia wa Tanzania. Hata hivyo, kwa mujibu wa Sheria ya Uraia, Sura ya 357, mtu mzima anayechukua uraia wa nchi nyingine kwa hiari yake hupoteza uraia wa Tanzania. Familia zinashauriwa kulitafakari hilo mapema.