Kovu la Mwaitu

Mwaitu, mama yangu, alipovimba tumbo, majirani wa Mutomo walinong'ona kuhusu uchawi. Enzi hizo, katika hospitali ya misheni, daktari alipapasa, kisha akapasua ili ajue.

Lakini kule Glasgow, mwaka 1958, daktari Ian Donald alikuwa ameshachapisha picha za tumbo zilizopigwa kwa mawimbi ya sauti. Mwanamke mmoja aliyeambiwa ana saratani isiyotibika alikutwa na uvimbe wa maji kwenye ovari, ukatolewa, akapona. Nampenda sana mwanamke yule.

Uvimbe wenye ukuta mwembamba na maji matupu mara nyingi ni salama. Vinyama ndani na kuta nene hutia shaka, na maabara ndiyo huamua.

Uvimbe wa mwaitu ulikuwa wa maji. Kovu lilishuka kutoka kitovuni; aliniruhusu niliguse.