Kutoka Rovu hadi Madini Joto: Historia Fupi ya Istilahi za Maradhi ya Homoni

Katika kazi ya kuunda istilahi za tiba, yako maneno yanayozaliwa katika kamati, na yako mengine yanayozaliwa sokoni, hospitalini au juu ya mfuko wa chumvi. Maneno ya aina hii ya pili huenea upesi kuliko yale ya kwanza, na aghalabu huenea kabla ya mtu yeyote kuyapima. Katika makala haya tunakusudia kufuata njia iliyopitwa na istilahi chache za maradhi ya homoni, hasa zile zihusuzo tezi ya shingoni, na kuuliza zinamfikishia nini mama mjamzito wa Bariadi, ambaye ndiye hasa mwenye kuhitaji maana yake.

Yafaa tuanze na lile neno la kale. Kiswahili kilikuwa na neno *rovu* kwa uvimbe wa mbele ya shingo muda mrefu kabla ya kujulikana chanzo chake. Sambamba nalo lilitumika neno *tezi*, ambalo lina mzigo mzito zaidi: ni jina la kiungo chenye kutoa utomvu fulani mwilini, na papo hapo ni jina la uvimbe wa kiungo hicho. Mtu husema kwamba fulani “ana tezi”, akimaanisha kuwa ni mgonjwa, hali kila binadamu ana tezi nyingi tangu kuzaliwa. Kwa mazungumzo ya kawaida kasoro hiyo haikuleta madhara, maana jicho liliuona uvimbe na msikilizaji akaelewa. Matatizo yalianza pale elimu ya maabara ilipogundua kuwa madhara makubwa ya ugonjwa huu hayaonekani kwa jicho.

Elimu hiyo ilikuja kwa hatua. Mwaka 1811 Mfaransa Bernard Courtois aliipata aidini katika majivu ya mwani wa baharini. Jina ililopewa lilitokana na neno la Kiyunani lenye maana ya rangi ya zambarau, kwa sababu ndiyo rangi ya mvuke wake. Mwaka 1895 Eugen Baumann wa Ujerumani aligundua kuwa aidini imo ndani ya tezi ya shingoni, na mwaka 1914 Edward Kendall wa Marekani akafaulu kuitenga thairoksini, ambayo ni homoni ya tezi hiyo. Hapo ndipo mambo yalipofungamana: tezi huhitaji aidini ili itengeneze homoni, ikiikosa, husukumwa ifanye kazi zaidi, nayo huvimba. Rovu, basi, si ugonjwa uliojitosheleza. Ni dalili ya tezi inayohangaika kutafuta kitu isichokipata.

Neno *homoni* lenyewe lilitolewa na Ernest Starling huko London mwaka 1905, kutokana na kitenzi cha Kiyunani chenye maana ya kuchochea. Wako waliofuata maana hiyo wakaita homoni *kichocheo*. Tafsiri hiyo ni aminifu kwa Kiyunani, lakini si aminifu kwa elimu ya leo. Ziko homoni zinazochochea na ziko zinazozuia, na insulini itokayo katika kongosho hujulikana zaidi kwa kuishusha sukari ya damu. Tena neno *kichocheo* limekwisha kushika kazi katika kemia, ambako ni jina la kitu kinachoharakisha badiliko bila chenyewe kutumika. Kwa sababu hizo mbili tunaona waliolitohoa neno *homoni* walifanya vyema. Neno lisilo na maana ya ndani katika lugha yetu halimdanganyi msomaji; humngoja mwalimu aje alijaze.

Katika nchi zetu utafiti wa kliniki na maabara juu ya rovu una historia ya kujivunia. Katika kisiwa cha Idjwi, ndani ya Ziwa Kivu, watafiti wakiwamo F. Delange na A. M. Ermans walichunguza katika miaka ya 1960 jambo la kustaajabisha: wakazi wa pande zote za kisiwa walikuwa na upungufu wa aidini uliolingana, lakini marovu yalizidi sana upande mmoja. Uchunguzi huo, ambao matokeo yake yalitangazwa mwaka 1971, ulielekeza kidole kwenye chakula, na hasa muhogo, ambao una kemikali zinazoweza kuizuia tezi isiipokee aidini. Tangu hapo haikutosha tena kusema “ugonjwa wa maji” au “ugonjwa wa milimani”. Ilibidi lugha iweze kutenganisha mambo manne: kiungo, uvimbe, homoni, na madini yanayokosekana.

Hapa Tanzania, Taasisi ya Chakula na Lishe iliundwa mwaka 1973. Tathmini zilizofuata ziliainisha wilaya 27 zilizoathirika vibaya, na kuanzia katikati ya miaka ya 1980 wakazi wake wakaanza kupewa vidonge vya mafuta yenye aidini. Katika miaka ya 1990 sheria ilielekeza kuwa chumvi ya kuliwa iongezwe aidini. Ilipofika mwaka 2004, karibu asilimia 84 ya kaya zilikuwa zikitumia chumvi ya namna hiyo, na uchunguzi wa wanafunzi ulionyesha kuwa wenye rovu walikuwa karibu asilimia 7. Hayo ni mafanikio makubwa. Pamoja nayo ndipo lilipoenea jina tunalolisoma leo katika mabango na mifuko: *chumvi yenye madini joto*.

Tulipime jina hilo kwa haki. Lina sifa yake: ni rahisi kutamka, na mtetezi wake anaweza kusema kuwa homoni za tezi hiyo husimamia joto la mwili, hata mtu aliyepungukiwa nazo huhisi baridi kupita wenzake. Lakini muundo wake, nomino mbili zilizowekwa pamoja bila kiunganishi, hauonyeshi uhusiano wa nomino hizo. Je, ni madini yaliyo moto, yaletayo joto, au yatokanayo na joto? Tazama pia maelekezo ya matumizi. Wataalamu hutuusia kuitunza chumvi hii katika chombo chenye kifuniko, mbali na unyevu na jua kali, ili aidini isipotee. Hivyo mfasiri hujikuta akiandika kwamba chumvi yenye madini joto isiwekwe penye joto, na msomaji ana haki ya kushangaa.

Hapa ndipo Mkoa wa Simiyu unapotufunza. Mkoa huo uliundwa mwaka 2012, makao yake makuu yakiwa Bariadi, na wakazi wake wengi ni Wasukuma. Katika ardhi hiyo chumvi ina historia ndefu. Misafara ya Wasukuma ya kwenda kuleta chumvi ya Ziwa Eyasi, ambalo limepakana na upande wa Meatu, ilikwisha kuandikwa katika jarida la *Tanganyika Notes and Records* mwaka 1938. Kwa watu wenye urithi huo, chumvi ni chumvi. Mwenye kuwaambia kuwa iko iliyo bora zaidi, ingawa kwa macho na kwa ulimi hazitofautiani, anadaiwa maelezo. Neno *madini* nalo si geni huko: jirani yao ni Mwadui penye almasi, na wilayani Bariadi kwenyewe kuna nikeli ya Dutwa. Madini kwao ni kitu cha kuchimbwa na kuuzwa.

Zaidi ya hayo, neno la Kiswahili likifika kliniki ya huko mara nyingi hufasiriwa mara ya pili, kutoka Kiswahili kwenda Kisukuma. Hapo tunaona kanuni ambayo waundaji wa istilahi hawana budi kuizingatia. Neno lenye maana wazi hufasiriwa kipande kwa kipande. *Madini joto* litavuka likiwa kitu cha kuchimbwa chenye moto. Neno la kutohoa, kama *aidini*, huvuka likiwa zima, na muuguzi hulazimika kulieleza. Usumbufu huo wa kueleza ndio faida yake. Mama akipungukiwa na aidini wakati wa ujauzito, ubongo wa mtoto unaweza kudhurika kabla hajazaliwa, na dhara hilo halirudishwi nyuma na chumvi ya baadaye, hata kama shingo ya mama haijavimba. Jambo zito namna hiyo halistahili kuachwa kwa jina linalojidai kujieleza lenyewe.

Kwa hiyo tunapendekeza haya. Neno *tezi* libaki kuwa jina la kiungo, na *rovu* jina la uvimbe wa tezi ya shingoni. *Homoni* iachwe ilivyo. Elementi yenyewe iitwe *aidini* katika vitabu vya shule, nyaraka za serikali na mafunzo ya wauguzi. Hatupendekezi kulifuta *madini joto* katika mifuko, kwa kuwa umma umekwisha kulizoea na kuliondoa ghafla kungeweza kuwafanya watu waidhanie chumvi kuwa imebadilika. Twaomba tu liandamane na neno *aidini*, yote mawili pamoja, mpaka hapo la pili litakapoweza kusimama peke yake.